Marehemu Anauza Maharagwe Konyo Konyo

Katika soko la Konyo Konyo, upande wa wauza samaki wakavu, palikuwa na banda la mabati ambalo watu walilipenda kwa maharagwe yake na kuliogopa kwa sababu ya mwenyewe. Mama Nyachuol hakuwa na simile. Ukizigusagusa chapati kabla ya kuchagua, alikuchapa vidole kwa mwiko. Ukisema mchuzi umezidi chumvi, alikunyang'anya sahani, akaumaliza mbele yako, kisha akakuuliza kama una lingine. Na kesho yake ulirudi. Madereva wa boda boda, wachukuzi, askari wasio zamu, wote walirudi, maana Juba ya miaka ile ilijaa wanaume waliokuja kutafuta maisha bila wake wa kuwapikia.

“Wewe nagusa chakula ya watu kama iko ya mama yako?” Hiyo ndiyo iliyokuwa salamu yake kwa wengi.

Kwamba alikuwa Mganda kila mtu alilijua. Kwamba alikuwa mjane alilisema mwenyewe, kwa sauti iliyokukataza kuuliza mume alikufa kwa nini. Alifika mwaka 2007, vita vya zamani vikiwa vimekwisha na mji ukiwa bado vumbi na mahema, yeye mwembamba kama ufito, mtoto mchanga mgongoni na flaski nyekundu ya maua mkononi. Mtoto akakua, mama akanenepa, biashara ikashika. Flaski ilikuwa na kibonye ubavuni na maua yake yalififia mwaka hadi mwaka, lakini hakuiuza, hakuiazima, wala hakumruhusu mtu mwingine kuiosha. Tulidhani ni ya marehemu mumewe. Watu wa soko tuna akili sana za kubuni mambo ya wenzetu.

Ukweli ni kwamba hakuwahi kuolewa. Jina lake hasa lilikuwa Shallon, na katika Juba nzima hakuna aliyelijua. Mtoto naye hakumzaa. Alikuwa mtoto wa mdogo wake, Annet, aliyekufa akijifungua.

Jina la Nyachuol lilitoka kwa jirani yake wa mtaa wa Munuki, Mama Bol, mwanamke wa Kinuer mwenye kicheko cha kuamsha mtaa. Siku za mwanzo Mama Bol aliuliza mtoto anaitwa nani, na Shallon akabaki anatazama chini. Mama Bol akaliona hilo, akabadilisha swali. “Kabla yake kulikuwa na msiba?” Shallon akatikisa kichwa kukubali. “Basi, kalas. Ni Nyachuol. Kwetu ndilo jina la mtoto anayekuja kufidia aliyekufa.” Likapita hivyo, na Shallon akashukuru moyoni kwamba kuna mtu amemtua mzigo.

Siku ya uhuru, Julai ya 2011, alifunga banda, akambeba Nyachuol mabegani na kwenda kuona bendera ikipanda. Watu walilia pale. Yeye pia alilia, ingawa haikuwa nchi yake. Nchi nzima ilikuwa imepewa jina jipya na hakuna aliyeiuliza la zamani, naye aliona ajabu kwamba jambo kama hilo linawezekana, tena mbele ya watu, kwa ngoma.

Basi aliishi hivyo mpaka Jumapili moja ya Agosti 2013, alipoitwa kwenda kutazama jinsi alivyouawa.

Aliyemwita alikuwa Jok, mteja wake wa kila siku. Jok alizaliwa huku akakulia Nairobi, akarudi baada ya amani na Kiswahili cha vijana wa kule, na alikuwa na kibanda cha video huko Nyakuron. Kazi yake haikuwa kuonyesha filamu tu. Alikaa mbele na kipaza sauti, akatafsiri kila kinachosemwa, akatia utani wake, akatukana wabaya, akawaonya wazuri wasiingie mlango fulani. Watu walilipa kumsikia yeye zaidi ya kutazama picha.

“Mama Nyachuol, leo usiniangushe,” alimwambia. “Nimeletewa kitu moto sana kutoka kwenu Uganda. Si ile ya mateke. Hii ni ya ukweli, wazungu wamekuja wakapiga picha. Familia ya kuomba Mungu usiku na mchana, kumbe wanamaliza watu. Ni noma!”

“Mimi iko na kazi, Jok. Sinema itanipikia?”

Lakini alikwenda. Jumapili mchana soko hulala, na Nyachuol alitaka soda. Akakaa benchi la nyuma, mtoto akachuchumaa mbele na wenzake.

Picha ya kwanza ilikuwa kilima. Shallon alikitambua kabla Jok hajafungua mdomo, kwa sababu alikipanda na ndoo za maji kichwani miaka yote ya utoto wake. Palikuwa na nyumba ndefu ya udongo iliyopakwa chokaa, na juu ya mlango msalaba wa mbao alioupaka rangi yeye na Annet. Akajiambia ni kilima kingine, akajiambia msalaba ni msalaba. Kisha ikaja picha ya mzee mwenye kanzu nyeupe na ndevu zilizochanwa vizuri, na Jok akanguruma kwenye kipaza sauti: “Huyu ndiye Gaetano! Alianzisha kanisa ndani ya nyumba yake, waumini ni mkewe, watoto wake na ndugu wachache. Hawaendi hospitali! Hawaendi shule! Hawali na watu wa nje!”

Gaetano alikuwa baba yake.

Ilisemwa kwamba Annet, binti wa pili, alipata mimba na mwalimu wa kijiji cha jirani, na kwamba alipopatwa na uchungu Gaetano alikataa gari la hospitali, na Annet akafa. Hapo kibanda kilipiga kelele ya hasira. Ilisemwa kwamba mtoto aliyezaliwa, ambaye Annet alikuwa amemchagulia jina la Kisakye, hakuonekana tena, na kwamba binti mkubwa, Shallon, naye alitoweka siku hiyo hiyo. Polisi walipokuja, wakiletwa na yule mwalimu, walikuta nyuma ya nyumba vichuguu viwili vya udongo, kimoja kirefu na kimoja kifupi. Wakavifukua. Ndani hamkuwa na watu. Mlikuwa na vipande vya mgomba vimeviringishwa kitambaa cheupe, kile kirefu kimefungwa kitambaa cha kichwa cha Shallon, na kile kifupi kimefungwa kanga yenye damu ya uzazi.

“Wajanja hawa!” Jok alipiga kelele. “Wanazika migomba ili wafiche miili! Miili iko wapi?”

Ikatolewa picha ya Shallon. Msichana wa miaka kumi na tisa, mashavu yameingia ndani, macho yamemtoka. Mwanamke aliyekaa kando ya Mama Nyachuol akashika kifua, akasema masikini, mtoto mzuri hivi. Kisha akamgeukia na kumwuliza kama ana kitambaa cha kufutia machozi. Mama Nyachuol akampa. Tumwache acheke anayetaka kucheka. Yeye mwenyewe nusura acheke, na kicheko kilipomfika kooni kikageuka kuwa kitu kingine.

Maana hapo ndipo alipomwona mama yake.

Babirye alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, gauni la njano la wafungwa limemzidi mabega. Alikuwa amezeeka kupita kiasi. Mwulizaji, ambaye hakuonekana, alimwuliza kwa upole Shallon na mtoto wako wapi. Babirye akajibu kwa lugha yao, na Shallon hakuhitaji tafsiri.

“Wamekufa. Tuliwazika kama tunavyowazika wote.”

“Mmesikia?” Jok aliruka. “Kama wote! Kuna wengine tena! Huyu mama ni hatari kuliko mzee!”

Kibanda kilichachamaa. Mtu akatupa ganda la karanga kwenye kioo, likampiga Babirye usoni. Ilisemwa kwamba mzee alifia mahabusu na kwamba mkewe alikataa wakili, akakataa kula kiapo, akarudia maneno hayo hayo mbele ya hakimu, akafungwa maisha. Mwisho akaja yule mwalimu, Fred, nywele zimeanza mvi kabla ya wakati. Alishika viatu vya mtoto mchanga, vya sufi, vidogo kama vidole viwili. Alisema hataki kisasi. Alitaka mfupa tu, mmoja, auzike kwao.

Shallon alitoka nje akaketi kando ya ukuta. Jok alimfuata baadaye na maji, akamwambia hata yeye ile sehemu ya viatu ilimuuma.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo wapiga picha wale, pamoja na kamera zao zote, hawakulifahamu. Huko kwao mtu akipotea mbali, maiti isipatikane, ndugu hukata mgomba wakauzika badala yake, ili msiba upate mahali pa kukaa. Ni desturi ya zamani na haina ubaya. Gaetano aliichukua akaifanya kiboko. Katika nyumba yake, aliyetoka bila ruhusa alihesabiwa amekufa. Waliimba, wakalia machozi ya kweli, wakazika mgomba, na tangu siku hiyo ilikuwa ni mwiko kumtaja kama mtu aliye hai. Ukimtaja hivyo, na wewe unakatiwa mgomba wako. Shallon alipokuwa mdogo walimzika hivyo mjomba wake, na miezi michache baadaye akamwona mjomba huyo huyo sokoni ananunua nyanya. Alimpungia mkono. Alichapwa wiki nzima.

Kwa hiyo alipoondoka alijua kabisa kwamba watamzika. Hilo halikumtisha. Annet alikuwa amelazwa kwenye mkeka, baridi, na baba yao ametangaza kwamba mtoto wa zinaa hatapewa maziwa, bali ataombewa, na kama Mungu anamtaka aishi, ataishi. Saa sita mchana watu wote waliingia kusali. Shallon alimfunga mtoto mgongoni akapita mlango wa jikoni. Mama yake alikuwa huko, anakoroga uji. Walitazamana. Babirye alichukua flaski ya nyumba, ile nyekundu, iliyobonyea siku alipoiangusha kwenye jiwe la kusagia, akaijaza maziwa ya moto, akaiweka kizingitini. Kisha akageuza uso ukutani, kwa sababu mtu aliyemwona anayetoka alipaswa kupiga kelele, na asiyeona hakudaiwa kitu.

Shallon alikwenda bila kugeuka. Aliamini kwamba watazika mgomba, wataendelea na nyimbo zao, na habari imekwisha. Nyumba ile haikuwa na simu wala barua. Haikumpitia akilini kwamba siku moja ulimwengu wa nje ungewauliza watu wale swali, na kwamba mama yake angewajibu polisi kama anavyomjibu Gaetano.

Miezi iliyofuata ilikuwa mibaya. Aliunguza maharagwe, jambo ambalo halijawahi kutokea. Aliacha kugombana na wateja, wakadhani ni mgonjwa. Watoto wa Munuki walikuwa wameipenda ile filamu, wakatunga mchezo: mmoja anakuwa Gaetano, mwingine anaviringishwa gunia na kuzikwa kwa majani. Jioni moja Shallon alimkuta Nyachuol amelala ndani ya gunia, amefumba macho, wenzake wanaimba. Alimnyanyua akamchapa, kisha akamkumbatia, kisha akaingia ndani akajifungia.

Mama Bol ndiye aliyemfuata. Na Shallon, aliyefunga mdomo miaka sita, alimweleza yote, kuanzia mkeka wa Annet hadi gauni la njano. Mama Bol alisikiliza bila kicheko.

“Mama taki fi sijin,” alisema mwishowe, “na wewe unauza ful? Mama yako yuko jela, na wewe unauza maharagwe?”

“Nikienda watamchukua mtoto. Iko na baba yake. Ungemwona na vile viatu! Yule mtu si mbaya. Angekuwa mbaya ningelala.”

“Kwetu pia mtoto ni wa baba.”

“Basi nitaenda, natoa mama jela, narudi na mikono mitupu? Mimi itakuwa nani? Mimi si mama ya mtu, si mke ya mtu. Iko maharagwe tu.”

Mama Bol alichukua ndoo ya maji akamsaidia kuosha masufuria.

Shallon alisema atakwenda baada ya mavuno. Kisha akasema atakwenda mvua zikikatika. Kisha ikawa Krismasi, kwamba mtoto ale sikukuu moja zaidi nyumbani. Tusimwonee. Kila usiku alimhesabia mama yake makosa: kwamba angeweza kusema neno moja tu akatoka, kwamba alimwacha Annet afe na yeye anakoroga uji, kwamba ukaidi wake si wa Mungu bali wa mume aliyekwisha kuoza. Alimkasirikia kwa haki kabisa. Kisha alikumbuka flaski kizingitini, na hasira yote ikamwishia mikononi.

Katikati ya Desemba risasi zikaanza. Kwanza upande wa kambi za jeshi, halafu kila mahali. Wakubwa walikuwa wamegombana, ikasemwa, na ugomvi wa wakubwa ukashuka mitaani ukitafuta watu kwa makabila yao. Huko Munuki watu walilala chini ya vitanda, wakasikia milango ya jirani ikipigwa mateke, na maswali yakiulizwa kwa lugha ambayo jibu lake lilitakiwa kuwa sahihi. Nyuma ya ua wa tatu mtu alilia, kisha akanyamaza.

Milio ilipopungua asubuhi moja, Mama Bol alikuja kupitia tundu la ua, amejifunga shuka kichwani, wanawe wamemshika sketi. Alikuwa anakimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa. Alimshika Shallon mabega.

“Usimwite tena jina nililompa. Sikia. Ni la Kinuer; wakilisikia hawatauliza amezaliwa na nani. Mpe jina lake.”

Akabusu kichwa cha mtoto, akaondoka. Hawakuonana tena, na sijui kama alifika.

Shallon alimkalisha mtoto juu ya kitanda. Alitafuta jina jingine lolote, Kizungu, Kiarabu, majina ya watakatifu, na kila alilotafuta mtoto alilikataa au akalisahau akiulizwa ghafla. Mwisho alisema lile alilolizika mwenyewe ndani ya kifua chake. “Wewe unaitwa Kisakye.”

Mtoto alimtazama. “Kama yule wa sinema? Aliyezikwa?”

“Yule hakuzikwa.”

“Jok alisema alizikwa.”

“Jok hajui kitu,” alisema Shallon, na kwa mara ya kwanza tangu Agosti sauti yake ya sokoni ikarudi. “Kisakye iko mzima, iko mbele yangu, na iko na ubishi kama mama yake.”

Waliondoka Juba juu ya lori pamoja na Waganda wengine, mitungi, magodoro, kuku waliofungwa miguu. Banda aliliacha na sufuria motoni, kama wasemavyo. Alichobeba ni mtoto na flaski. Kwenye kizuizi kimoja cha barabara ya Nimule, iendayo mpakani, wenye bunduki waliwashusha wote. Kijana mmoja mwenye macho mekundu alipita akitazama nyuso, akasimama mbele ya mtoto. Nyachuol alikuwa amekua mrefu, mweusi, mwembamba wa miguu. Angeweza kuwa mtoto wa yeyote.

“Isim taki munu?” aliuliza. Jina lako nani?

Shallon alihisi mkojo unamtoka. Alijua mtoto amekuwa Nyachuol maisha yake yote, kwamba ulimi utakwenda ulikozoea. Mtoto alimtazama yule kijana, akamtazama Shallon.

“Kisakye,” alisema.

“Na wewe?”

“Shallon,” akasema Shallon. “Mimi ni Shallon, na huyu ni wa kwetu.”

Kijana aliwaonyesha lori kwa kidevu. Walipopanda, mtoto alimnong'oneza akiuliza hilo jina ni la nani tena, na Shallon akamwambia atamweleza, safari ni ndefu. Alimweleza yote. Hakuacha hata viatu vya sufi. Walipovuka mpaka mtoto alikuwa amelala mapajani pake, na yeye anajua kwamba hakuna tena Krismasi ya kuahirishia jambo.

Polisi wa Uganda hawakumwamini kwa urahisi. Si kila siku marehemu anaingia kituoni na kupaza sauti kwa sababu anacheleweshwa. Walimpeleka huku na huko, wakamfananisha na picha, wakasema wa kwenye picha ni mwembamba. Mwishowe walimwita Fred amtambue, na Fred aliingia, akamwona mtoto, akakaa chini sakafuni kama mtu aliyekatwa miguu. Hakumgusa. Aliuliza tu kama anaruhusiwa kusubiri.

Lakini neno la kufungua mlango lilitakiwa kutoka kwa mfungwa mwenyewe, aliyekwisha kuiambia mahakama mara nyingi kwamba aliwazika. Wakampeleka Shallon jela pamoja na mtoto. Chumba kilikuwa na meza, mabenchi mawili, na afisa wa kike aliyekunja mikono. Fred alibaki nje kwenye ubao wa kungojea, mfuko wa plastiki magotini, ndani yake viatu vya shule alivyonunua kwa kukisia mguu.

Babirye aliletwa. Macho yake yalitulia usoni mwa Shallon, yakabaki hapo, na hakuna kilichobadilika.

“Unamjua huyu?” aliuliza afisa.

“Binti yangu alikufa,” alisema Babirye. “Nilimzika.”

“Mama,” alisema Shallon.

“Alikufa.”

Hapo ndipo Shallon aliposhindwa. Alisimama, benchi likaanguka nyuma yake. “Wewe mwanamke, una moyo gani? Baba amekufa! Hayupo tena wa kukuchapa! Nimetoka kwenye risasi kuja kwako. Unajua nje amekaa nani? Amekaa mtu aliyekuja kumchukua mtoto wangu, nami nimemleta mwenyewe, kwa mikono yangu, ili wewe utoke humu. Na unaniambia nimekufa?” Alilia kwa sauti, bila aibu, kwa namna ambayo hakuwahi kulia tangu Annet afe. “Basi sema umenizika. Sema tena. Nitarudi huko huko nikafe kweli.”

Kisakye, aliyekuwa amechoka kusimama na kukumbatia flaski ile nzito tangu getini, aliiweka mezani. Ndani mlikuwa na maziwa. Shallon aliyanunua njiani bila kujua kwa nini. Mtoto alifungua kifuniko, akamimina, akamsogezea yule bibi, kama alivyofundishwa kumsogezea kila mtu mzima aliyekaa bila kitu mkononi.

Bibi aliitazama flaski. Alinyoosha kidole, akakipitisha kwenye kibonye cha ubavuni, taratibu, mara mbili. Sheria ya Gaetano ilizika watu. Juu ya flaski hakuwahi kusema lolote.

“Hiki nilikitia mimi,” alisema Babirye. “Iliniponyoka kwenye jiwe.” Kisha akainua uso, na sauti ikatoka ndogo sana. “Maziwa yalitosha?”

“Yalitosha,” alisema Shallon. “Alinyonya kijiko kwa kijiko mpaka Gulu.”

Afisa alikunjua mikono akaenda mlangoni kumwita mwenzake aje asikie. Mlango ulipofunguka, Fred alionekana pale kwenye ubao, amesimama, mfuko wake mkononi. Kisakye alimwona. Alimgeukia Shallon kuuliza kwa macho, na Shallon akamwambia nenda, kamsalimie baba yako. Mtoto akaenda. Shallon alitaka kumfuata, hatua moja tu, amwone akifika. Lakini mama yake alikuwa amemshika mkono juu ya meza, kwa nguvu, na hakumwachia.